Safari za Treni Nilizozipanda, na Moja Niliyoipanda Bila Kuiona

Tanga ni mji ambao ujenzi wa reli ulianzia kabla ya mji mwingine wowote wa Tanzania Bara, mwaka 1893, lakini mkazi wake anayetaka kusafiri kwa treni hulazimika kwanza kupanda basi. Kila safari ya treni niliyoifanya imeanzia katika stendi ya Kange, alfajiri, begi likiwa mapajani na tiketi ya treni ya mji mwingine ikiwa ndani ya simu. Ninalieleza hilo mapema ili msomaji ajue ninapotokea: ninaifuata treni iliko, kwa gharama na kwa siku za likizo, na kwa hiyo huikagua kwa makini kila ninapoipata.

Sisi tunaopenda treni tuna mazoea ya kuulizana mtu ameshapanda ipi na ipi bado, na jibu hutarajiwa kuwa la ndiyo au hapana. Kwangu majibu hayo mawili hayatoshi. Zipo treni nilizozipanda na ninaweza kuzitolea hukumu, zipo ambazo sijazipanda na huenda nisizipande kamwe, na ipo njia moja ambayo nimesafiri juu yake mara mbili, kwenda na kurudi katika miaka tofauti, na bado siwezi kusema kwamba nimeiona. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike, lakini nitaifikia kwa mpangilio.

Nianze na treni ya umeme ya reli ya kisasa, kwa sababu ndiyo ninayoulizwa zaidi. Huduma ya abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro ilianza tarehe 14 Juni 2024, ikafika Dodoma mwezi Julai mwaka huohuo, na nauli ya daraja la kawaida hadi Dodoma ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000. Mimi nilisubiri hadi mwishoni mwa mwaka, zilipoanza kubeba abiria zile seti zilizotengenezwa na Hyundai Rotem ya Korea Kusini, ambazo watu wamezipa jina la mchongoko kwa sababu ya pua yake iliyochongoka. Safari yangu ya kwanza, kwa kweli, haikufanyika kabisa. Basi nililolipanda Kange, ambalo sitalitaja, lilipata pancha kabla ya Chalinze, likakosa jeki, likasubiri basi lingine liazime, na nilipofika Dar es Salaam treni yangu ilikuwa imeshaondoka kwa wakati wake. Nilikaa kwenye ngazi za stesheni nikilitazama lile jengo lenye umbo la jiwe la Tanzanite, tiketi ikiwa imepita. Tangu siku hiyo ninamshauri kila mtu wa Tanga anayekwenda kupanda treni hii afike Dar es Salaam siku moja kabla, akalale kwa ndugu, maana treni inayoondoka kwa dakika haiwezi kuunganishwa na basi linaloondoka likijaa.

Mara ya pili nilifuata ushauri wangu mwenyewe. Kinachomshika mpenzi wa treni kwanza katika mchongoko ni namna unavyoondoka. Treni ya dizeli huondoka kwa mshtuko: behewa la mbele huvutwa, viungo vikagongana kimoja baada ya kingine kuelekea nyuma, mpaka mgongo wako nao ukapata habari. Mchongoko huondoka kama jahazi lililofunguliwa kamba. Nguzo za jukwaani zinaanza kusogea na wewe hujahisi kitu, kwa sababu mota zake zimegawanywa chini ya mabehewa badala ya kuwekwa zote katika kichwa kimoja, na umeme wa volti 25,000 unaoshuka kutoka kwenye waya wa juu hauhitaji muda wa kuvuta pumzi. Katika jiji treni inapita juu ya daraja refu, hivyo unaiona Dar es Salaam kwa usawa wa mapaa yake, na nguo zilizoanikwa na matangi ya maji na watoto wanaopunga mkono kutoka kwenye ghorofa ambazo hazijamalizika. Baada ya Pugu mwendo unapanda, na ile skrini iliyo ndani ya behewa, ambayo naamini abiria wote tulikuwa tunaitazama huku tukijifanya tunatazama nje, ikaandika kilomita 160 kwa saa. Mama mmoja aliyekuwa kiti cha mbele yangu alisema taratibu, "Bismillahi," kisha akaendelea kumenya chungwa lake, na ngozi ya lile chungwa haikukatika hadi mwisho. Sijui kipimo bora zaidi cha utulivu wa behewa.

Kipande ninachokisifu kuliko vyote ni kile cha baada ya Kilosa. Reli ya zamani ya kati, iliyojengwa na Wajerumani kuanzia mwaka 1905, hupita huko ikiufuata mto Mkondoa, na kwa miaka mingi mafuriko ya bonde hilo yamekuwa yakiifukua tuta na kuisimamisha safari ya nchi nzima. Wahandisi wa njia mpya wamepanda juu zaidi na kutoboa milima, kwa hiyo treni inaingia kwenye mahandaki, inatoka kwenye mwanga mkali, inavuka daraja, inaingia tena gizani, na kwa sekunde chache kila mara unaweza kuiona reli ya zamani chini bondeni, nyembamba, imejipindapinda kandokando ya maji. Ni nadra mtu kupewa nafasi ya kuziona hoja mbili za uhandisi zikisimama uso kwa uso namna hiyo, ile ya kuufuata mto na ile ya kuukimbia. Anayekwenda Dodoma achague dirisha la kushoto, kwa sababu ndilo linaloelekea milima ya Uluguru pale Morogoro, na asafiri asubuhi, mwanga ukiwa bado laini.

Hukumu yangu kuhusu huduma hiyo ni kwamba ni safi, inajali muda, wahudumu wake wana adabu, na inamfikisha mtu Dodoma akiwa na nguvu za kufanya kazi siku hiyohiyo. Ninachokikosa ndani yake kinatokana na asili yake, wala hakuna wa kulaumiwa: kioo hakifunguki, na kwa mwendo ule hakipaswi kufunguka. Reli zimechomelewa zikawa uzi mmoja, kwa hiyo hata ule mlio wa maungio ambao sisi wa zamani tuliutumia kuhesabia mwendo haupo. Nilipita Kilosa bila kujua Kilosa inanukia nini. Kwa mtu anayesafiri kikazi hiyo ni faida tupu. Kwa mtu kama mimi, ambaye husafiri ili aijue njia, ni kama kusomewa barua na mtu mwingine.

Reli ya TAZARA nimeipanda mara moja tu, kutoka Dar es Salaam hadi Mlimba, na sina haki ya kuisema sana. Njia nzima ina urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970, na upana wake ni milimita 1,067 ili ilingane na reli za kusini mwa Afrika. Kwa hesabu hiyo Dar es Salaam imekuwa jiji lenye reli za upana wa aina tatu, ile ya mita moja, hii ya TAZARA na ile mpya ya milimita 1,435, jambo ambalo wapenzi wa treni wa nchi nyingine wangelisafiria makusudi. Dirisha hapa linafunguka. Nilikaa nalo wazi tulipokuwa tunapita katika eneo la hifadhi lililokuwa Selous, ambalo sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, jua likiwa linashuka, na twiga watatu waliacha kula wakatutazama mpaka tukapita. Asubuhi niliteremka Mlimba, kwa kuwa likizo yangu ilikuwa imekwisha, na treni ikaendelea bila mimi kupanda milima kuelekea Makambako, penye mahandaki na madaraja marefu ambayo kila aliyeyapita huyasimulia kwa kutumia mikono. Kwa hiyo katika TAZARA nimepanda ile sehemu ambayo wenzangu wanaiita utangulizi.

Kwa mkazi wa Tanga, treni ya Mombasa hadi Nairobi iko karibu kuliko ya Dodoma: unavuka mpaka Horohoro, unafika Mombasa adhuhuri. Imekuwepo tangu mwaka 2017, inakwenda kilomita 472, na inapita juu ya Tsavo kwa madaraja na matuta marefu ambayo chini yake wameachiwa tembo njia. Ni safari nzuri, na nisingeiongezea neno kama isingenifikisha kwenye makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, ambako ndiko nilikotumia siku yangu yote. Huko wamehifadhi vichwa viwili vya mvuke vya aina ya Garratt, kati ya 34 vilivyotengenezwa na Beyer, Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Kila kimoja kina uzito wa tani 252 hivi, na hapakuwa na kichwa kingine cha mvuke cha reli ya mita moja chenye nguvu kuvizidi. Kila kimoja kilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Kimoja kinaitwa Gelai. Kingine kinaitwa Shengena.

Nilisimama mbele ya bamba hilo la jina kwa muda mrefu. Shengena ni kilele cha juu kabisa cha milima ya Upare, mita 2,462, na treni inayopita chini yake ni ya njia ileile inayoanzia Tanga. Kichwa chenyewe kilifanya kazi zaidi kati ya Mombasa na Nairobi, kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba hakikuwahi kuuona mlima kilioitwa kwa jina lake. Niliweka kiganja juu ya chuma, kikawa baridi. Hapo ndipo ninapoweka mojawapo ya safari ambazo sijazipanda: sijawahi kuvutwa na kichwa cha mvuke kilicho hai, chenye moto ndani. Mzee mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, aliyekuwa fundi wa reli na ambaye mimi humwendea kila Idi kumsalimu, amewahi kunieleza jinsi vichwa vilivyochoma mafuta mazito vilivyokuwa vinanguruma hata vikiwa vimesimama, na jinsi fundi alivyoweza kujua kwa kusikiliza tu kwamba maji yanapungua. "Dizeli inakuambia inapoharibika," alisema. "Mvuke ulikuwa unakuambia kabla." Nimemsikiliza mara nyingi kiasi kwamba nikifumba macho ninaweza kuusikia mngurumo huo, lakini ninajua kuwa ninachosikia ni sauti ya mzee yule.

Sasa niifikie njia yetu. Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi ilirejeshwa Desemba 2019 baada ya kutokuwepo kwa zaidi ya miaka ishirini, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Haifiki Tanga mjini. Inaiacha reli ya kati pale Ruvu, inafuata kiungo kilichojengwa mwaka 1963, inaikuta njia ya zamani ya Usambara, ile inayoanzia Tanga, upande wa Mnyusi, kisha inageukia Korogwe na kutupa mgongo sisi tulio pwani. Nilipopata habari kwamba imerudi nilitaka kuipanda mara moja, lakini nilichelewa hadi mwaka 2021, na kwa kuwa inapita Korogwe usiku wa manane nilikwenda huko kwa basi la jioni na kukaa stesheni kusubiri.

Stesheni ya Korogwe usiku ni mahali ambapo ningependa kila anayeandika kuhusu treni akae walau mara moja. Watu walikuwa wamejifunika kanga na vitenge, watoto wamelala juu ya viroba vya mchele, na mwanamke mmoja alikuwa anauza chai ya tangawizi na maandazi kwa mwanga wa taa ya simu iliyofungwa kwenye kamba. Hakuna aliyekuwa na haraka. Treni ilisikika kabla haijaonekana, kwanza kama mtetemo mdogo kwenye reli ambao mzee mmoja aliusikia kwa mguu, akasema, "Haya, inukeni," na baada ya dakika kadhaa taa yake ikapinda kona na kuitandaza nyasi yote ya kando kwa rangi nyeupe. Nilipanda daraja la pili kukaa. Kiti kilikuwa kizuri cha kutosha, dirisha lilifunguka, na tulipoondoka viungo viligongana kuelekea nyuma jinsi nilivyokuwa nimeukumbuka mlio huo tangu utotoni.

Kisha nikatambua kosa la hesabu yangu. Kutoka Korogwe kwenda Mombo, Mkomazi na Buiko, reli inapita mguuni kabisa mwa milima ya Usambara, ambayo inapanda kutoka uwandani kama ukuta, bila vilima vya kutangulia. Ni kipande ambacho nimekiona mara nyingi kutoka ndani ya basi, kwa mbali, barabara ikikaribia reli na kuachana nayo, na kila mara nilijiambia kwamba nikiwa ndani ya treni nitakiona vizuri zaidi. Sasa nilikuwa ndani ya treni, na nje palikuwa na giza la mwezi mwandamo. Kioo kilinionyesha uso wangu. Nilipofungua dirisha niliona mwanga wa madirisha yetu wenyewe ukikimbia juu ya majani, umbali wa hatua tatu, na baada ya hapo hapakuwa na kitu.

Aliyeniokoa ni mama mmoja aliyekuwa anarudi kwao Same, mwenye umri wa kumzaa mama yangu. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia, akaniuliza ninatafuta nini nje na mimi nimeshika kioo namna ile. Nilimweleza kwamba ninataka kuiona milima. Hakucheka. Alisema kwamba alipokuwa msichana alisoma shule ya bweni Korogwe, na kila likizo alikwenda na kurudi kwa treni hii, usiku, na walikuwa wanajifundisha kujua walipofika bila kutazama. "Sikiliza," akasema, na kwa muda hatukuongea. Mlio wa magurudumu ulikuwa umekauka, mgumu, halafu ghafla ukawa na sauti ya chini, kama mtu anayegonga mtungi. "Daraja. Tumeacha Mombo, mwanangu. Mlima uko kulia kwako, umekaa hapohapo. Usitazame mbele, tazama juu."

Nilitazama juu. Palikuwa na taa, tatu au nne, zimekaa juu sana kuliko taa zinavyostahili kukaa, mahali ambapo nilikuwa nimedhani ni mbingu. Zilikuwa ni nyumba za watu wa mlimani. Kutokana na taa hizo nikaweza kukisia umbo la ukuta mzima, jinsi unavyokisia ukubwa wa jahazi gizani kwa taa ya mlingotini. Mama yule aliendelea kunitajia stesheni moja baada ya nyingine kabla treni haijapunguza mwendo, na hakukosea hata moja, mpaka alipolala akiwa ameegemeza kichwa kwenye kiroba chake. Kulipopambazuka tulikuwa Same. Alishuka, nikamsaidia mizigo, akaniambia nimsalimie mama yangu. Mwanga ulikuwa umefika kwenye milima ya Upare tu, Usambara ikiwa imebaki nyuma yetu, na baada ya Lembeni Kilimanjaro ikajitokeza mbele, ya waridi, kubwa mno kwa dirisha lile. Ninaikiri kuwa ilikuwa nzuri. Nilikuwa bado ninatazama nyuma.

Mwaka uliofuata nilijaribu kwa upande wa pili. Nilikwenda Moshi kwa basi na kupanda treni ya kurudi, nikiamini kwamba kwa kuwa inaondoka mchana kutoka Arusha nitapata saa nyingi zaidi za mwanga. Nilizipata, lakini si mahali nilipozitaka. Kahe tuliipita jua likiwa bado lina nguvu, na pale nilitoa kichwa kidogo kuitafuta ile njia iliyokuwa inatokea Voi, iliyojengwa na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Milima ya Upare ya kaskazini ilibadilika rangi mara tatu. Tulipokaribia Same, Shengena ilikuwa kivuli chenye ncha dhidi ya anga la zambarau, na nilikuwa karibu kuliambia behewa zima kwamba kuna kichwa cha treni chenye jina hilo, kimesimama Nairobi. Baada ya hapo giza likaingia kama kawaida yake katika nchi yetu, bila kujadiliana. Makanya, Hedaru, Buiko, Mkomazi, Mombo: nilizijua zote kwa sikio, jinsi nilivyofundishwa. Nilishuka Korogwe katikati ya usiku.

Kama mtu ananiuliza ushauri kuhusu treni hii, ninampa bila kusita: apande. Mwendo wake ni wa taratibu kuliko wa basi, lakini mtu anaweza kusimama, kutembea, kula, kulala, na kuzungumza na watu ambao hawana pa kukimbilia. Abebe shuka, kwa sababu upepo wa usiku wa Mkomazi ni baridi kuliko watu wa pwani tunavyofikiri. Anayetoka Dar es Salaam akae kulia, anayetoka Moshi akae kushoto, ndiko iliko milima. Na kama anaitaka Upare na Kilimanjaro, zote atazipata. Ila asije akadhani kwamba ataiona Usambara.

Katika orodha ya ambazo sijazipanda kuna ile treni ya kifahari ya Rovos Rail, ambayo tangu mwaka 1993 imekuwa ikiwaleta watalii kutoka Cape Town hadi Dar es Salaam. Nimewahi kuiona imesimama, mabehewa yake yanang'aa, na niliitazama kwa heshima, lakini sikuona wivu. Wivu wangu wote nimeuwekea kipande cha kilomita zisizofika themanini kati ya Tanga na Mnyusi. Reli yake ipo. Mabehewa ya mizigo nimeyaona yakipita Pongwe. Lakini mimi, niliyekulia hapa, sijawahi kukaa ndani ya treni ya abiria ikitoka kwenye stesheni ya mji wangu.

Na ni njia yenye mengi ya kuonyesha. Kampuni ya kwanza ya Kijerumani ilijenga hadi Muheza tu ikaishiwa fedha, serikali ya kikoloni ikaichukua mwaka 1899, ikafika Korogwe mwaka 1902, na mwaka 1911 ikafika Moshi, kilomita 352 kutoka baharini. Novemba 1914, Waingereza waliposhusha majeshi yao hapa Tanga, wapinzani wao waliletwa kutoka Moshi kwa treni hiyohiyo, na bila reli huenda vita vya mji huu vingekwenda vingine. Pale Tengeni palikuwa na reli nyingine, nyembamba zaidi, ya milimita 750, iliyopanda kilomita 23 kwenda Sigi chini ya Amani kufuata mbao. Reli hiyo imeshang'olewa, ila nyumba ya stesheni masta wa Sigi bado imesimama na inawapokea wageni wa msitu wa Amani. Nimetembea kwa miguu kuelekea huko, nikikisia tuta kwa jinsi ardhi inavyokataa kupanda ghafla, maana treni haipendi mwinuko na barabara haijali. Huko pia ni safari ambayo nimeifanya na sijaifanya.

Nimemwuliza mzee wa Ngamiani kama aliwahi kusafiri mchana kutoka Tanga hadi Mombo. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama amewahi kunywa maji. Alisema ukikaa upande wa kulia, baada ya Muheza unasikia harufu ya machungwa kabla hujayaona, kisha mkonge unaanza, mistari imenyooka mpaka inakuchosha macho, na baada ya Korogwe mlima unakuja taratibu, unajaza dirisha kutoka chini kwenda juu, mpaka ili kuona anga unalazimika kuinama. Akaonyesha jinsi ya kuinama, akiwa amekaa kwenye kiti chake cha ukili, na mwili wake wa miaka zaidi ya sabini ukainama kushoto kidogo na kutazama juu, kupitia dirisha ambalo halikuwepo.

Ni yeye aliyenipa wazo ambalo mimi, kwa muda wote huu, sikulipata. Aliniuliza mara zote mbili nilisafiri mwezi ukiwa wa ngapi. Nilipohesabu nikakuta mara ya kwanza ulikuwa mwandamo, na mara ya pili umeshapungua, unachomoza karibu na alfajiri. "Sasa ulitaka uone nini?" akasema. "Sisi tulikuwa tunangoja mwezi kumi na nne." Kalenda ya Kiislamu aliyoibandika mlangoni aliifungua mbele yangu, tukatafuta pamoja siku ambayo treni ya kutoka Moshi itakutana na mwezi mpevu, na akaizungushia duara kwa kalamu ya risasi. Nimeshaomba ruhusa kazini. Kiti nitakachotafuta ni cha kushoto, dirishani, na nimemwahidi nitainama.